SOMO: MAMA MWENYE UCHUNGU ASICHELEWESHWE



Mwanamke akifa katika kuzaa, mara nyingi husikika matangani neno hili: "Siku yake ilikuwa imefika." Neno hili hufariji, lakini pia hufunika. Maana yako mambo yaliyoweza kufanywa, wala hayakufanywa. Nasi tukiisha kusema "siku yake," hakuna aulizaye tena. Somo hili lataka tuulize.

1. Jinsi mauti yajavyo

Mambo yanayowaua wazazi hasa ni haya: kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, homa ya uchafu ulioingia katika kizazi, mtoto kukwama, na mimba kutolewa kwa njia ya hatari. Kila moja lina dawa yake au upasuaji wake, lakini kila moja lina saa yake pia. Mama amwagaye damu baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Ambaye mtoto wake amekwama aweza kuteseka siku mbili au tatu, kisha kizazi kikapasuka. Au apona, lakini kichwa cha mtoto kimekandamiza kibofu hata nyama ikafa, naye abaki akivuja mkojo mchana na usiku. Huo ndio ugonjwa uitwao fistula. Hutibiwa kwa upasuaji. Si laana, wala si malipo ya uzinzi.

2. Kuchelewa kwa namna tatu

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza ya kuwa mama huchelewa kwa namna tatu. Kwanza nyumbani, watu wasipokata shauri upesi. Pili njiani, pasipo na chombo cha kumchukua. Tatu hospitalini, akifika asipate mtu, damu wala dawa.

Mtu wa Kidahwe ana njia njema, kwa kuwa hapo ndipo barabara ya Kasulu na ya Uvinza zinapoachana, na mji wa Kigoma si mbali. Lakini mama wa vijiji vya kusini, kama Kalya, mara nyingi hutegemea mashua, na mawimbi yakiwa makali mashua haiondoki.

3. Mfano wa Kigoma

Labda mtu atasema, "Sisi ni maskini, mambo haya ni ya nchi zenye fedha." Basi na asikie habari ya hospitali ya mkoa, hapa hapa Kigoma. Daktari Godfrey Mbaruku alizichungua habari za wazazi waliokufa hospitalini tangu 1984 hata 1986. Aliona ya kuwa mengi hayakuandikwa, na ya kuwa vifo vingine vingaliweza kuzuiwa. Mwaka 1987 ulianza mpango wa mambo 22. Watumishi wakawa wakikutana mara kwa mara kuyapima matendo yao wenyewe. Vyombo vikatengenezwa kwa zamu. Wafanya kazi wakafundishwa kazini. Damu ikawekwa tayari. Malalamiko ya watu yakasikilizwa. Michango ikatafutwa papo hapo. Hapo kwanza walikufa wazazi 933 kwa hesabu ya watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hata 1991 walikuwa 186. Daktari Mbaruku na mwenzake Staffan Bergström walizitangaza habari hizi mwaka 1995.

Angalieni, ziwa halikusogea, wala milima haikushushwa. Kilichogeuka ni desturi ya kazi.

4. Mlango wa nyumba

Lakini hospitali haiwezi kumsaidia asiyetoka nyumbani. Usiku wa giza wanaume wengi wako ziwani wakivua dagaa kwa taa. Uchungu hauangalii mwezi. Mke ameshikwa, mume yuko majini, na mama mkwe asema, "Tumngoje mwenye nyumba." Kule kungoja kwaweza kumwua.

Tena yuko mama aliyeanika dagaa juani pale Katonga au Kibirizi mwaka mzima, na fedha yote imo mkononi mwa mumewe. Tangu 1971 Sheria ya Ndoa yampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuitumia. Basi mama aombaye ruhusa ya kuokoa maisha yake aomba kilicho chake mwenyewe.

Na aliyeozwa akiwa mtoto ana sauti ndogo kuliko wote, na nyonga zake hazijakomaa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikata neno ya kuwa vifungu vilivyoruhusu binti kuozwa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikalithibitisha mwaka 2019.

5. Yatupasayo

Mume na mke wapatane mapema: atazalia wapi, atachukuliwa na chombo gani, fedha iko wapi, nani atatoa damu.

Mume aseme mbele ya mama yake na jirani, "Uchungu ukianza, msiningoje."

Akaaye mbali na asogee karibu na hospitali majuma ya mwisho.

Watu wote waijue namba 115 ya mpango uitwao m-mama, ulioenezwa nchini tangu 2022. Hupigwa bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa mahali aliyeandikishwa.

Wainjilisti wafundishao wachumba waliweke jambo hili katika mafundisho ya ndoa. Na msiba ukitokea, tusimtafute mchawi. Tuulize alichelewa wapi.

Uchunguzi wa taifa wa 2022 ulikadiria vifo 104 vya wazazi kwa watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2015 na 2016 ulikadiria 556. Mzigo umepungua sana. Uliobaki, sehemu yake imo nyumbani mwetu.

Maswali ya kujibiwa pamoja

1. Katika mtaa wenu, ni kuchelewa kupi kati ya kule kutatu kunakozidi?
2. Mume akiwa ziwani au safarini, nani ana amri ya kusema, "Twende"? Kwa nini asiwe mama mwenyewe?
3. Je, mama wa nyumba yako anayo fedha aliyoweza kuitwaa leo usiku bila kumwuliza mtu?