Kutoka Sironga hadi Manga: Kiswahili cha Kuongozea Wageni Milimani

1. Utangulizi

Kuna dai linalorudiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilizaliwa mwambao, ni hodari wa kuzungumzia bahari na majahazi, lakini huishiwa na pumzi kikifikishwa milimani. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo katika nyanda za juu za Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira magharibi mwa Kenya. Kipimo chetu ni kazi moja mahususi: kazi ya kijana anayewaongoza wageni kukwea vilima vya huko ili wajionee mandhari. Hoja yetu ni kwamba msamiati upo, na sarufi ya kuukamilisha ipo. Pale pengo linapobaki, lugha ya wenyeji, Ekegusii, ina cha kutoa. Kinachopungua ni mazoea ya kuvitumia, na hasara ya upungufu huo si ndogo: inagusa usalama wa mgeni na hadhi ya simulizi za mwenyeji.

2. Eneo lenyewe

Sironga iko katika Kaunti ya Nyamira, na inajulikana kwa kinamasi chake, ambacho udongo wake hufyatuliwa matofali. Tumeanzia hapo kwa sababu aliye bondeni ndiye anayeviona vilima vizuri. Miongoni mwa vilima vya Nyamira mna Kiabonyoru, Nkoora, Kemasare na mgongo wa Manga. Upande wa Kisii kuna Sameta na Nyamasibi. Vilele vya juu zaidi huzidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Manga ndiyo inayotajwa zaidi na wageni. Si kilima cha mviringo, bali ni mgongo mrefu ambao upande wake mmoja umekatika ghafla. Kutoka juu, mtu huuona mji wa Kisii ukiwa chini yake, na hewa ikiwa safi huliona hata Ziwa Viktoria likimetameta mbali upande wa magharibi. Hapo Manga pana pia pango liitwalo Ngoro ya Mwaga.

Mambo mawili yanaitofautisha safari ya hapa na ile ya mbuga za wanyama. Kwanza, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kiasi chake huzidi milimita 1,500 kwa mwaka. Kwa hiyo njia huteleza. Pili, ardhi imelimwa hadi karibu na vilele. Mgeni hapiti porini; hupita kando ya michai, migomba na nyua za watu. Kiongozi wa wageni hana budi kupiga hodi na kuamkia, “Bwakire buya”, kabla ya kutaja mandhari yoyote.

3. Msamiati wa umbo la nchi

Hebu tuyachunguze maneno machache ambayo kiongozi huyo anayahitaji.

Kukwea na kupanda. Wengi husema “kupanda mlima”, na si kosa. Hata hivyo, katika nchi ambayo vilima vyake ni mashamba, sentensi “Kesho tunapanda Kiabonyoru” yaweza kueleweka kuwa kesho kuna kazi ya miche. Kitenzi “kukwea” kinaondoa utata huo.

Mgongo, kilele na ukingo. Mgongo ni mwinuko mrefu wa ardhi. Kilele ni ncha ya juu kabisa. Ukingo ni mpaka ambapo ardhi inakoma. Mgeni akiambiwa “tutatembea mgongoni, hatutafika ukingoni”, ameshajua atakapoweka mguu.

Maporomoko. Neno hili linatumika kwa maji yanayoanguka, kama yale ya Keera huko Nyamira, na pia kwa udongo unaoteremka baada ya mvua kubwa. La kwanza linamvuta mgeni. La pili linapaswa kumkimbiza. Kwa sababu hiyo ni sharti litumike pamoja na nomino yake: maporomoko ya maji, maporomoko ya ardhi.

Genge. Hili ndilo neno la Kiswahili kwa ukuta wa mwamba uliokatika kama ule wa Manga. Lakini masikioni mwa Wakenya wengi, genge ni kundi la wahalifu, au mtindo wa muziki uliovuma Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kiongozi akipaza sauti, “Jihadharini na genge!”, yamkini wageni watatimua mbio kwa kuwaogopa wezi, tena waelekee kule kule walikokatazwa. Dawa si kulitupa neno, bali ni kulipa mwenzi: “Msikaribie ukingo wa genge, mawe yake yanamomonyoka.”

4. Sarufi inapokamilisha msamiati

Mahali ambapo watu husimama kutazama mandhari paitweje? Wapo wanaosema “kituo cha mtazamo”. Tafsiri hiyo inapotosha, maana katika Kiswahili cha leo mtazamo ni maoni au msimamo wa mtu. “Tazamio” nalo limekwisha kuchukuliwa na maana ya matarajio.

Njia iliyo rahisi imo katika kauli ya kutendea, ambayo pamoja na kazi zake nyingine huonyesha mahali au chombo cha kutendea jambo: kisu cha kukatia, chumba cha kulia. Basi tunaweza kusema “mahali pa kuonea mji” au “jiwe la kutazamia ziwa”. Tahadhari ni moja. Yambwa isiachwe. “Mahali pa kuonea” pasipo yambwa hukaribia maana ya mahali pa kuwadhulumu watu, na “kutazamia” peke yake ni kutarajia. Yambwa ikitajwa, utata unatoweka, na mgeni anapata faida ya ziada kwa kuambiwa mapema atakachokiona.

5. Lugha na usalama

Kiswahili hakikuanza jana kuongoza watu milimani. Kwenye Mlima Kilimanjaro, ambao Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele chake mwaka wa 1889, viongozi na wapagazi wamelifanya neno “polepole” kuwa kanuni inayofahamika na wageni wa kila taifa, kwa kuwa anayekwenda kasi kule juu huugua kwa uhaba wa hewa. Huko Gusii kimo si kirefu kiasi hicho, lakini “polepole” ina kazi nyingine: utelezi.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni radi. Mvua ya ngurumo huja aghalabu alasiri, na aliye mgongoni mwa kilima ndiye aliyeinuka kuliko vyote vinavyomzunguka. Hapa neno “radi” linafaa kuliko “umeme”, ambalo wengi hulielewa kama nguvu za kuwashia taa. Agizo nalo liwe fupi na litaje sababu: “Radi inakaribia, tushuke sasa, msijikinge chini ya mti.”

6. Majina na simulizi

Ekegusii na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na undugu huo ni hazina kwa kiongozi. Kilima kwa Ekegusii ni “egetunwa”, na kiunganishi chake ni “kia”, kama vile kilima kinavyochukua “cha”. Ndiyo maana majina kadhaa ya huko, kama Kiabonyoru na Kiamwasi, yanaanza kwa Kia-. Vivyo hivyo “engoro” ni shimo, na “Ngoro ya Mwaga” ina “ya” ile ile ya Kiswahili. Jina lisitafsiriwe likapotea. Litajwe, kisha lifafanuliwe.

Simulizi nazo zina sarufi yake. Mnamo Januari 1908 Otenyo, shujaa wa Abagusii, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, mtawala wa Kiingereza. Mtu akisema “Northcote alichomwa mkuki”, amesema kweli, lakini Otenyo ametoweka katika sentensi. Kiongozi anayeutazama mji wa Kisii kutoka Manga anaamua, kwa kauli ya kitenzi tu, ni nani atakayebaki katika kumbukumbu ya msikilizaji.

7. Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali kukuza lugha za wenyeji. Kwenye njia ya kwenda Manga wajibu hizo mbili hukutana katika kinywa cha mtu mmoja. Idara zetu za Kiswahili zinaweza kumsaidia kwa kuandaa faharasa fupi ya milimani, iliyokusanywa kwa kutembea na wenyeji badala ya kubuniwa ofisini.

Maswali ya kujadili

(a) Toa mifano mitatu ya maneno ya Kiswahili ambayo maana yake ya kijiografia imefunikwa na maana mpya, kama ilivyo kwa “genge”.

(b) Chagua kilima cha kwenu. Andika maelekezo ya kukikwea kwa sentensi kumi, ukitumia kauli ya kutendea angalau mara tatu.

(c) Je, jina la mahali lenye maana katika lugha ya wenyeji litafsiriwe kwa mgeni, au lifafanuliwe tu? Tetea jibu lako.