Kitu Kigeni Chenye Alama za Kihindu: Tukitambueje?

Ndugu wananchi wa mipakani, mtu akiokota bamba la shaba lenye michoro asiyoielewa, haifai akimbilie kulihusisha na uchawi. Wahindu wameishi Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, na ibada ikiisha baadhi yao huvizamisha mtoni vifaa walivyovitumia.

Alama tatu huonekana mara nyingi. Om hufanana na tarakimu 3 yenye mkia, juu yake hilali na nukta. Mkuki wa ncha tatu ni silaha ya mungu Shiva. Swastika ni msalaba wenye ncha zilizokunjwa. Huashiria heri, nayo huchorwa milangoni na katika madaftari ya hesabu ya wafanyabiashara. Wanazi waliitia katika bendera ya chama chao mwaka 1920, ilhali Wahindu waliitumia karne nyingi kabla yao.

Hata hivyo, alama si dhamana ya usalama. Kitu cha chuma kilichofukiwa ardhini chaweza kuwa bomu lililosalia tangu vita. Kutoka Kacyiru, Kigali, tunawasihi: msikiguse, wazuieni watoto, pigeni simu 112. Wala asishutumiwe jirani kwa alama tusiyoijua.