Mpeleke Mwanafunzi Mikokoni, Jibu Lisubiri

Umepewa wanafunzi wa kusimamia. Wana wiki chache za utafiti, pwani ya Bagamoyo iko mbele yao, na wewe unajua karibu kila watakachokiuliza kuhusu mimea yake. Kazi yako kubwa ni kuchelewesha majibu hayo mpaka wajifunze kuyatafuta wenyewe. Hivi ndivyo unavyoweza kuifanya.

Anza na ruhusa na maji. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo pitia ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na ujitambulishe kwa serikali ya kijiji. Kisha angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla hujakodi gari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani hii hupwa sana asubuhi, mnamo saa nne au saa tano. Fika mapema, maji yakiwa bado yanatoka. Wabebe maji ya kunywa, viatu vya kufunga na penseli. Wino hauvumilii maji ya chumvi.

Nusu saa ya kwanza usifundishe. Simama nao kwenye mikoko ya Mbegani au Kaole, watembee kutoka upande wa bahari kwenda bara huku wakichora: mti gani, mizizi ikoje, chini ni tope au mchanga. Huenda wakarudi na mpangilio mzuri: mililana mbele, mikoko yenyewe katikati, mikandaa nyuma yake, michu ukingoni. Wapongeze. Halafu uliza kama kuna aliyeona mchu mahali pengine. Katika pwani yetu mchu huweza kuota pande zote mbili, mbele karibu na maji na nyuma kabisa kwenye ardhi yenye chumvi kali. Kanuni yao safi imepata ufa. Usiuzibe wewe. Waache warudi nao bwenini wakibishana.

Kabla ya kupima chochote, kila mmoja aandike kisio lake daftarini, na tarehe. Chini yake aandike sentensi hii na kuimalizia: "Nitajua nimekosea nikiona..." Akishindwa kuimalizia, kisio lake bado ni pana mno. Kaa naye mlipunguze mpaka lipimike. Mimi naona hizi ndizo dakika kumi zenye thamani kuliko zote utakazompa mwanafunzi, na wasimamizi wengi huziruka.

Jaribu na jani la mchu. Likiguswa kwa ulimi lina chumvi, na jua likiwaka utaona chembe nyeupe juu yake. Uliza chumvi imetoka wapi. Wengi watasema imeletwa na upepo wa bahari. Ni kisio zuri, basi lipimwe. Waoshe majani kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Baadhi yake wayakinge na upepo kwa chupa ya plastiki iliyokatwa pande zote mbili. Waoshe pia majani ya mkoko ulio jirani, yawe ya kulinganishia. Kesho yake warudi, waonje yote. Kama ingekuwa ni upepo, jani la mkoko nalo lingekuwa na chumvi kama la mchu, na jani lililokingwa lisingekuwa nayo. Mwanafunzi akiona mchu unatoa chumvi wenyewe hata ndani ya kinga, huna haja ya kumweleza maana ya jaribio.

Wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Wakibadilisha viwili, warudie jaribio.

Mkishamaliza mikoko, nendeni Mlingotini kwenye mashamba ya mwani. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Wakulima wake, wengi wao akina mama, wanajua mwani unapopauka na kukatika. Maelezo yao yaandikwe daftarini kama kisio jingine la kupima, kwa heshima ileile na kwa ukali uleule. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amefanya kazi hivyo kwa miaka mingi. Kotonii, aina ya mwani unaolimwa, ilipokuwa inakufa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto kali, alijaribu pamoja na wakulima kuilima kwenye kina kirefu kwa nyavu zenye umbo la mrija. Wanafunzi wako wanaweza kufanya jaribio dogo la aina hiyo: mbegu za uzito mmoja, sehemu mbili, kipimajoto na mizani.

Ukiulizwa usichokijua, sema "sijui, tujaribu", kisha jaribuni kweli. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dk. Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo cha Dar es Salaam kuwatembelea. Wenzake wakacheka. Osborne alirudi chuoni, swali likafanyiwa majaribio, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa. Swali la mwanafunzi wako nalo lipe siku moja ya majaribio kabla ya kuliita la kijinga.

Namba isiyopendeza isifutwe. Ipigwe mstari mmoja, ibaki inasomeka, na sababu iandikwe pembeni.

Ripoti ikikufikia, fungua daftari la shambani kwanza. Linganisha kisio la siku ya kwanza na hitimisho. Yakifanana mno, muulize mwanafunzi ni kitu gani kilimshangaza. Rudisha rasimu ukiwa umeandika swali moja kubwa, si masahihisho arobaini ya tahajia. Na katika bajeti acha nauli ya safari moja zaidi: bamvua hurudi baada ya wiki mbili hivi, naye atakuwa na swali bora kuliko lile alilokuja nalo.