Kutoboa Ukuta wa Bloki kwa Ajili ya Paipu na Nyaya

Wakazi wa Ndabibi, Naivasha, wanaojenga kwa bloki za saruji wanahimizwa kupanga njia za maji na umeme kabla ya ukuta kuinuliwa. Kipande cha paipu pana kikiachwa ukutani wakati wa kujenga, hakutakuwa na haja ya kutoboa baadaye.

Ukuta ukiwa tayari, chora mstari kwanza. Mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa bloki isiyo na uwazi ndani, yenye unene wa milimita 150, hizo ni milimita 50 na 25. Bloki zenye uwazi ndani zina kingo nyembamba, hivyo epuka mfereji wa mlalo. Usichimbe pande zote mbili mahali pamoja, wala usikate linta au nguzo.

Toboa kwa drili. Nyundo nzito hulegeza viungo. Vaa miwani na barakoa, kwani vumbi la saruji hudhuru mapafu. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Tukumbuke kuwa Bonde la Ufa hutetemeka. Mnamo Januari 6, 1928, tetemeko lilipasua ardhi Subukia, katika kaunti hii. Ukuta uliokatwa ovyo hauwezi kuhimili mtikiso kama huo.