Dondoo muhimu: Kuwasilisha utafiti mbele ya wanataaluma mbalimbali

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Maliba, wilayani Kasese, Uganda, aliyechunguza mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020, hukutana kwenye kongamano la taaluma mbalimbali na wahandisi, wauguzi na wanahistoria wasiozoea istilahi za fani yake, hivyo inampasa kuzingatia yafuatayo:

• Ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti, ieleze tatizo, mbinu na matokeo kwa lugha ambayo msomi wa fani nyingine ataielewa.

• Ramani inayoonyesha mto ukiteremka kutoka milima ya Rwenzori kupitia Kilembe hadi mji wa Kasese itangulie majedwali, kwa kuwa wasikilizaji wengi hawalijui eneo hilo.

• Sampuli, yaani sehemu iliyoteuliwa kuwakilisha kundi zima, itajwe pamoja na mipaka yake, ili matokeo ya kijiji kimoja yasichukuliwe kuwa ya wilaya nzima.

• Maelezo yaliyotolewa kwa Lukonzo, lugha ya eneo hilo, yatafsiriwe kwa uangalifu na majina ya wahojiwa yafichwe, maana watu waliopoteza makazi wanastahili kulindiwa heshima yao.

• Swali lililo nje ya utafiti likubaliwe kuwa hivyo, kwani ukweli hujenga imani kuliko jibu la kubahatisha.