Sukari guru, asali au nyeupe: Ipi iingie kwenye keki ya Idd?

Idd ikikaribia, majumbani huanza maandalizi ya keki na biskuti. Hapo ndipo tunapoulizwa kliniki: "Tabibu, mimi nina kisukari. Nikiokea sukari guru au asali, si nitakula bila wasiwasi?"

Mama mmoja hakuuliza. Aliacha sukari nyeupe, akawa anaoka kwa sukari guru na kula kila siku. Alipofika kwetu alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, na sukari katika damu ilikuwa juu sana. Basi tuzifahamu sukari hizi.

Sukari nyeupe: Ni ya miwa iliyosafishwa. Ikipigwa pamoja na siagi huingiza hewa, na hewa hiyo husaidia keki kuumuka.

Sukari ya unga: Ni hiyo hiyo nyeupe iliyosagwa, mara nyingi ikatiwa wanga kidogo wa mahindi isigande. Hutumika kupambia keki.

Sukari ya kahawia: Ina mabaki ya uji mweusi wa miwa, ndiyo maana keki yake huwa na unyevu na rangi.

Sukari guru: Ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ina madini kidogo, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ile ile. Iyeyushe kwa maji ya moto na uichuje, kwani huweza kuwa na mchanga na makapi.

Asali: Qur'an imeitaja kuwa ina shifaa (Surat An-Nahl, aya ya 69). Lakini shifaa si ruhusa ya kula bila kipimo; asali nayo hupandisha sukari katika damu. Ukiokea asali, punguza maziwa au maji, na punguza moto kwa kuwa keki huwahi kubadilika rangi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kupooza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tofauti ipo jikoni. Mwilini zote ni sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, asali ikiwemo, isifike asilimia 10 ya nishati tunayokula, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Keki yenye gramu 250 za sukari ukiikata vipande 10, kila kipande kina gramu 25. Kipande kimoja kimemaliza kipimo cha siku, na chai bado hujaitia sukari!

Tufanye nini? Punguza robo ya sukari unayotia siku zote. Keki nyingi hazitaharibika. Kata vipande vidogo. Mwenye kisukari ale kidogo baada ya chakula, apime sukari yake, wala asiache dawa kwa sababu ya sikukuu. Tumekatazwa israfu, na mwili ni amana.