Ruzuku ya Kupanda Miti Buhigwe: Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Kuomba

Ukiwa na shamba Buhigwe, mkoani Kigoma, na unataka kulirudishia miti, mlango wa kwanza wa kubisha ni Mfuko wa Misitu Tanzania. Mfuko huu umewekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na hutoa ruzuku kwa wanaohifadhi na kuendeleza misitu: watu binafsi, vikundi, asasi na taasisi. Ruzuku hairudishwi. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi huichanganya na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo. Haina riba, lakini marejesho yake hudaiwa wakati mche wako bado uko chini ya goti. Usikope kwa ajili ya mti wa mbao. Ukitaka kukopa, kopa kwa kitalu cha kuuza miche, maana miche huuzika ndani ya msimu mmoja.

Kuna jambo ambalo waombaji wengi hawalipi uzito: mtoa ruzuku makini hulipia miti iliyoshika, si miti iliyopandwa. Waganda waliliweka hilo wazi. Mpango wao wa ruzuku kwa wapanda miti ya mbao, ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Norway, ulimtaka mwenye ardhi aanze kupanda kwa gharama yake. Mkaguzi akija akakuta nafasi ni sahihi, palizi imefanyika na miche imeshika, ndipo sehemu ya gharama ilirudishwa. Andika andiko lako la mradi ukimfikiria mkaguzi wa namna hiyo, atakayepanda mlima wako mwaka wa pili akiwa na daftari mkononi.

Atakachouliza kwanza ni ardhi ya nani. Mashamba mengi ya Buhigwe ni ya urithi, na mipaka yake inajulikana kwa wazee kuliko kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakupa haki ya kuomba hatimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Kama kijiji chako bado hakijafikia hatua hiyo, pata angalau barua ya mtendaji na muhtasari wa kikao unaotambua eneo lako. Na kabla ya kwenda kwa mtendaji, kaa na ndugu zako. Shamba la mahindi likigombaniwa, hasara ni ya msimu mmoja. Miti ikigombaniwa baada ya miaka 12, watu hufikishana mahakamani. Wote wenye haki katika ardhi ile waweke sahihi, wakiwemo wajane na mabinti.

Mwenye ekari moja au mbili nashauri aombe kupitia kikundi cha majirani. Mlima mmoja ukipandwa na watu kumi kwa pamoja, barabara ya kuzuia moto inakuwa moja, kitalu kimoja, na mlinzi mmoja.

Sasa aina ya miti. Hapa ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia. Mikaratusi inakua haraka na haikosi soko la nguzo na kuni, na sisemi ing'olewe. Lakini mlima mzima wa mti wa aina moja ni hatari: mdudu mmoja, ukame mmoja au moto mmoja unamaliza kila kitu. Tena mikaratusi haifai kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na baadhi ya vijito vya milima hii hulisha mto Malagarasi. Ukingoni acha uoto wa asili urudi. Ndani ya kahawa na migomba weka grevilea au mringaringa, kwa kivuli na mbao. Mikaratusi, kama unaihitaji, ipe kipande chake mbali na maji, iwe ya kuni ili msitu wa asili upumue. Kasulu na Kibondo zinajua uzito wa kuni: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji hata kiriba kimoja. Angalia pori lililokatwa miaka miwili iliyopita: kwenye kisiki cha mtundu utakuta machipukizi kumi au zaidi yanayosongana. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine, fukuza mbuzi na moto. Dodoma wanaiita kisiki hai, na imerudisha miti mashambani kwa gharama ndogo. Kwa mninga njia hii ni bora kuliko kitalu, kwa kuwa mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga chini, na mtu asiyejua huung'oa akidhani umekufa. Liandike hili kwenye andiko kama sehemu ya kazi, na uliombee fedha za ulinzi.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti kwa miaka mingi imeadhimishwa Aprili 1. Kwa Kigoma, mvua wakati huo zinaelekea kuisha, na mche wa Aprili unaingia kiangazi mizizi ikiwa mifupi. Panda Novemba au Desemba mvua zikishakolea. Maana yake mbegu ziingie kitaluni Juni au Julai, karibu na maji ya kudumu. Pesa ikifika Februari, msimu umekupita, kwa hiyo pangilia awamu za malipo kwa kalenda ya mvua.

Kwenye bajeti, usimalizie yote kwenye miche. Miche mara nyingine hutolewa bure au kwa bei nafuu kupitia halmashauri na Wakala wa Huduma za Misitu. Weka fedha ya palizi kwa miaka miwili ya mwanzo, ya kujazia mapengo, na ya kufyeka barabara ya kuzuia moto kabla ya Julai.

Utasikia pia habari za biashara ya kaboni. Vijiji vinane vya Ntakata, wilayani Tanganyika, hulipwa kwa kulinda misitu ya vijiji iliyokwisha kusimama. Hilo ni tofauti na mche wa ekari yako. Biashara hiyo ina kanuni zake za mwaka 2022 na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Usitie sahihi mkataba wa kaboni peke yako sebuleni.

Mwaliko wa maandiko hutangazwa kwa muda maalumu, na wenye barua na mihtasari tayari ndio huwahi. Mwone afisa misitu wa wilaya mapema, aje alione shamba lako kabla hujaandika chochote. Na mtu yeyote akidai fedha taslimu ili akuombee ruzuku, asiye na ofisi wala stakabadhi ya serikali, usimpe.